Ng'ombe Wangu wa Egesarate

Juzi nilikuwa Busia katika kuhamahama kwangu, nikachukua chumba kwenye gesti moja ya uani. Jua lilikuwa halijazama bado, lakini mbu wa huko hawangoji giza. Mwenye gesti akaniletea dawa ya mbu, ile ya kijani iliyojiviringa kama konokono, akaiwasha na kuisimamisha juu ya kifuniko cha soda. Moshi wa kwanza uliponifikia puani nilijikuta nimeketi kitandani, nimekumbatia magoti kama mtoto anayengoja kuitwa.

Ndani ya moshi ule mlikuwa na pareto. Ninyi wa rika langu mliolelewa Kisii na Nyamira hamhitaji kuelezwa. Kabla majani ya chai hayajameza vilima vyote, kila boma lilikuwa na kipande chake cha pareto. Tulichuma yale maua meupe tukitoka shule, tukayaanika kwenye mikeka, na vidole vyetu vikanuka uchungu wake hata wakati wa kula. Ni harufu kavu, ya vumbi na maua pamoja. Wengine huipenda. Mimi inanibana kifua.

Nimefanya kazi nyingi. Nimesugua vinyago vya mawe ya sabuni Tabaka, nimepakia ndizi kwenye malori ya Nairobi, nimechoma matofali, nimepaka rangi nyumba ambazo sikuwahi kualikwa kuketi ndani yake. Shule niliiacha darasa la saba. Kila ninapofika nauliza maswali mpaka watu wanachoka: kisima hiki alikichimba nani, mbona mlango huu unaangalia nyuma, yule mzee alitoka wapi. Watu wakiniuliza mimi kwa nini niliacha shule, huwa nawapa jibu linalowatosha, kisha tunaendelea na kazi. Jibu la kweli ni refu, na linanuka pareto.

Kwetu ni Gesima, kwenye mgongo wa kilima ambapo ukungu hukaa mpaka watoto wafike shuleni. Boma letu lilikuwa na nyumba mbili zilizotazamana: ya bibi yangu, tuliyemwita Magokoro kama bibi wote wa kwetu wanavyoitwa, na ya Mama. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Baba yangu aliitwa Ombati. Shuleni niliandikishwa Evans Ombati, na hakuna siku iliyopita bila Magokoro kulitaja jina hilo. Lango likilegea: "Ombati angekuwepo, lango hili lisingelala hivi." Ng'ombe akimpiga mtu teke wakati wa kukamua: "Huyu naye anajua Ombati hayupo." Hakulitaja kwa machozi. Alilitaja kama mtu anavyotaja mvua iliyochelewa.

Nilijua, basi, kwamba baba alikufa kabla sijapata akili. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliunganisha mwenyewe. Kaburi nalo nilijitafutia. Kwetu watu huzikwa nyumbani, na mtoto hukua akikimbizana na wenzake kati ya makaburi ya ndugu zake bila hofu. Kando ya nyumba ya Magokoro, katikati ya migomba, palikuwa na kipande cha ardhi kilichoachwa kitupu. Migomba ilikizunguka kama watu waliosimama matangani. Magokoro alipalilia pale lakini hakupanda kitu, hata sukuma wiki. Mtoto gani asingeelewa? Nilikuwa nikienda kuketi pembeni mwa kile kipande na kumpa baba habari zangu: nimekuwa wa pili kwa hesabu, ndama amepata mafua, nimemwona mzungu wa kweli Keroka. Mama alinikuta pale mara nyingi. Alisimama na karai lake, akanitazama kidogo, akaenda zake.

Nilipofika darasa la sita nilipelekwa shule ya bweni ya kanisa, ng'ambo ya Birongo. Wenzangu mtakumbuka lile sanduku la bati, kufuli yake, blanketi lililonuka duka, na mama yako akiondoka bila kugeuka nyuma ili usimwone uso. Nilipelekwa huko kwa sababu binamu yangu Nyakundi alikuwa hapo darasa la nane, na baba yake alisema shule ile hutoa watu. Huyu baba yake alikuwa mwana wa mke mwenza wa Magokoro, na mimi nilimwita Baba Mkubwa. Alifanya kazi ya ofisi Nyamira mjini na alivaa tai hata akija kuangalia mahindi. Boma lake na letu lilitenganishwa na ua wa michongoma tu.

Nyakundi hakunisalimia wiki nzima ya kwanza. Nilidhani ni maringo ya darasa la nane. Kumbe alikuwa mkubwa wa Egesarate.

Zamani za kale, vijana wa Kisii walilala kwenye kambi za ng'ombe mbali na nyumbani, wakilinda mifugo ya baba zao. Kambi hiyo ndiyo egesarate. Mwalimu wetu wa historia alipenda kutusimulia habari zake, mikuki, maziwa, vijana wasiomwogopa mtu, na bila kujua akawapa wavulana wakubwa jina la chama chao cha siri. Mwanachama ulimjua kwa uzi mwekundu wa sweta uliofungwa kwenye kufuli ya sanduku lake. Hakupigwa na mtu. Hakuteka maji ya mtu. Kiranja akigawa maharagwe, mwiko ulizama chini zaidi ukifika kwenye sahani yake. Walikutana Jumamosi alasiri, siku ya Sabato ya kanisa letu, shule nzima ilipotolewa kwa matembezi, katika ghala la zamani la pareto nyuma ya shule. Ushirika wa wakulima ulikuwa umelikimbia bei zilipoanguka. Magunia yaliachwa mle ndani, yakaoza polepole, na unga wa maua ukabaki sakafuni kama majivu.

Ili uingie Egesarate ilibidi ulete ng'ombe. Ng'ombe ilikuwa siri ya kwenu nyumbani. Siri yako binafsi haikuhesabiwa. Walitaka ya familia, ile ambayo mama yako angekufungia mlango kama angejua umeitoa. Ulimnong'oneza Nyakundi mbele ya wote, naye akatangaza ukubwa wake: ndama, mtamba, fahali. Ng'ombe wako alikaa kambini pamoja na wa wenzako, na ndiyo maana hakuna aliyeisaliti Egesarate. Ukifungua mdomo, walimfungulia ng'ombe wako akale hadharani. Niliona wakifanya hivyo. Kulikuwa na mvulana mmoja mpole, Tinega, aliyemwambia mwalimu wa zamu kuhusu ghala. Mwalimu alikwenda, akakuta magunia tu. Asubuhi iliyofuata, kwenye foleni ya uji, shule nzima ilikuwa ikiimba kwamba baba yake Tinega hakuwa masomoni Uganda, alikuwa jela Kodiaga. Tinega alikunywa uji wake wote, akaosha kikombe, akaenda kufunga sanduku. Sikumwona tena.

Ungedhani hilo lingenifukuza. Lilinivuta. Nilikuwa mtoto ambaye akiona mlango umefungwa, mkono unamwasha. Nilimfuata Nyakundi chooni, uwanjani, bombani. "Niingize. Sisi ni damu moja."

"Damu," akasema, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Haya. Njoo Sabato."

Ndani ya ghala mwanga uliingia kwa matundu ya mabati, na kila tundu lilikuwa na mshipi wake wa vumbi. Nyakundi alikaa juu ya mzani wa zamani wa kupimia magunia. Wengine walichuchumaa. Nilimnong'oneza Nyakundi ng'ombe niliyekuja naye: kwamba Magokoro, pamoja na utakatifu wake wote, hunusa ugoro nyuma ya choo akitoka kanisani.

Nyakundi akamtangaza. Wakacheka mpaka mmoja akapiga chafya.

"Huyo si ng'ombe, ni mbuzi!"

"Mbuzi wapi? Huyo ni kuku, tena wa kienyeji!"

Nyakundi hakucheka. "Evans, wewe ng'ombe wako tunamjua. Tunataka jina la mwanamume aliyekuzaa."

"Ombati."

"Ombati hayupo."

"Najua. Alikufa."

"Hakufa." Aliteremka kutoka kwenye mzani. "Wewe, mtu ambaye hakuzaliwa atakufaje? Bibi yako hajawahi kuzaa kijana. Wasichana watupu. Uliza mtu yeyote Gesima."

Nakumbuka nilitazama nyuso zao nikingoja kicheko, kwa sababu ilikuwa lazima iwe mzaha. Hakuna aliyecheka. Hata wao walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza.

"Mapumziko ya katikati ya muhula ni wiki ijayo," Nyakundi akasema. "Mama yako anajua hilo jina. Lilete. Ukilileta, wewe ni fahali hapa, hakuna atakayekugusa mpaka umalize shule. Ukirudi mikono mitupu, tutamfungulia huyu tuliye naye."

Nyumbani sikwenda kwa Mama kwanza. Nilikwenda kwenye migomba. Nilisimama pembeni mwa kile kipande kitupu na sanduku langu mkononi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na habari za kumpa mtu. Magokoro alinikuta hapo.

"Tata, mbona huingii ndani?" Bibi wa kwetu huwaita wajukuu wa kiume hivyo, kana kwamba wao ndio baba zao.

"Hapa amelala nani?"

"Hapo? Hapo hakuna mtu."

"Si kaburi la baba?"

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mgomba, kisha akauona uso wangu, akaacha. Akaketi chini palepale, kwenye kile kipande nilichokuwa nikiogopa kukikanyaga, akanyoosha miguu yake.

"Kaburi la nani? Hapa ni pa nyumba ya Ombati. Mwana akikua si hujengewa kibanda chake? Nilipaacha tangu nilipoolewa hapa. Nikazaa msichana, nikapalilia. Nikazaa mwingine, nikapalilia. Wote wakaolewa. Babu yako akafa. Na mke mwenzangu ana vijana, wanatembea hapa wakipima shamba langu kwa macho. Nyumba isiyo na kijana hufungwa, tata. Shamba huenda upande ule. Basi nikaoa."

"Ulioa nani?"

"Nilimwoa mama yako. Nilitoa ng'ombe, wakapelekwa kwao mchana kweupe, watu wakala. Nilimwolea Ombati. Yeye ni mke wa mwanangu, na wewe ni mtoto wa mwanangu."

"Lakini Ombati hakuzaliwa."

"Hakuzaliwa," akakubali. "Hilo ndilo kosa lake pekee."

Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Alishangaa kikweli. "Kuna nani asiyejua? Hata mbwa wa huko ng'ambo wanajua. Tulidhani unajua."

Nimelifikiria jibu hilo kwenye barabara nyingi. Mimi, mtoto wa kuuliza, nilikuwa mtu wa mwisho kilimani kujua jambo ambalo halikuwa siri. Walioana mbele ya watu. Kwa wazee wetu ilikuwa njia ya kawaida ya mjane kuinua nyumba yake, ingawa kanisa lilikunja uso na kumnyima Mama kazi yoyote ile, hata ya kufagia. Siri ilikuwa moja tu ndani ya yote hayo. Na hiyo ndiyo niliyotumwa kuileta.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na Mama kuchuma chai. Aliniwekea kikapu kidogo mgongoni. Umande ulikuwa bado kwenye majani na nguo zetu zililowa mpaka kiunoni. Nilichuma mstari mzima kabla ya kuuliza.

"Mama, jina lake ni nani?"

Mikono yake haikusimama. Mikono ya mchuma chai hufanya kazi peke yake. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mtoto huuliza, baba yangu yuko wapi. Huuliza, kwa nini haji. Wewe umeanza na jina. Jina hutafutwa na watu wa ofisi. Nani?"

Nilikuwa nimeapishwa ghalani nisiitaje Egesarate. Nilidumu muda wa kuchuma kichaka kimoja cha chai, halafu nikamwambia yote: ghala, Tinega, mzani, Nyakundi. Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Alitazama ng'ambo ya ua wa michongoma, kwenye nyumba ya mabati mekundu ya Baba Mkubwa.

"Kwa hiyo sasa anatumia watoto," akasema.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake mzima. Baba Mkubwa alikuwa amefungua kesi kwa naibu wa chifu. Hakuweza kusema ndoa haikufanyika, kwa maana watu walikula karamu yake. Alichotaka kusema ni kwamba mimi nina baba mahali fulani, mtu hai mwenye boma lake, na kwa hivyo niende kwa baba yangu. Nikienda, nyumba ya Magokoro haina mtu. Mama angerudi kwao. Magokoro angezeeka kwenye shamba la mke mwenzake, akiomba ruhusa ya kuchuma mboga. Lakini ili aseme hivyo mbele ya wazee alihitaji jina, na jina hilo lilikuwa ndani ya mtu mmoja tu.

Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Nikuambie?"

Nilimwangalia.

"Ni haki yako. Sitakunyima. Ukitaka, nitakuambia hapa hapa. Lakini ukishajua, Evans, utakuwa umelibeba. Na wewe uso wako haujui kuficha kitu. Watalisoma."

Sijui kama ninaweza kuwaeleza njaa iliyonishika. Nimewahi kulala bila chakula, haikuwa kitu. Jina lilikuwa hapo, mdomoni mwa Mama, umbali wa mkono. Nilijaribu kuuma kipande kidogo.

"Ni mtu mzuri?"

"Hilo naweza kukujibu. Ndiyo."

"Anaishi karibu?"

"Wewe! Unaliendea jina kwa mlango wa nyuma." Lakini alitabasamu kidogo.

Tulichuma. Ukungu ulipanda, jua likatoka, mgongo wangu ukaanza kuuma. Upande wa chini nilimwona Magokoro akitoka nyumbani na jembe lake, akiinama kupalilia kile kipande cha Ombati kama kawaida, na mawazo yangu yakakaa hapo. Tulipofika mwisho wa shamba nilimwambia Mama, "Usiniambie."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini usiniambie."

Alinifuta uso kwa upande wa leso yake, ingawa sikuwa nikilia. Ulikuwa umande, au jasho.

Sabato ya kwanza baada ya kurudi shuleni, uzi mwekundu ulikuwa umewekwa tayari juu ya blanketi langu, mrefu, haujafungwa. Nilikwenda nao ghalani.

"Umemleta?" Nyakundi akauliza.

"Nimemleta. Baba yangu ni Ombati."

"Huyo si ng'ombe, huyo ni kivuli. Tunataka yule mwingine."

"Hakuna mwingine."

Walinikamata mikono. Waliniangusha juu ya magunia na Nyakundi akanisukuma uso ndani ya moja, kwenye unga wa maua ya zamani. Macho yaliungua. Koo liliziba. Kila nilipoinua kichwa kuvuta pumzi alikuwa ananiuliza, "Ni nani? Sema, ni nani?" Na mimi, nikikohoa, nikipiga chafya, kamasi na machozi yakinishuka, nilisema, "Sijui! Sijui!" Na wakati huohuo, katikati ya uoga ule wote, nilihisi kitu kama kicheko tumboni. Nilikuwa nasema kweli. Wangeweza kunigeuza juu chini na kunipukutisha kama gunia, na jina lisingeanguka, maana halikuwamo. Mama alikuwa ameniachia nafasi ya kutojua, nami nilikuwa nimejificha ndani yake.

Nyakundi ndiye aliyechoka kwanza. Alinigeuza, akanitazama. Alikuwa analia pia. Nilidhani ni pareto.

"Sema jina lolote," akaninong'oneza. Wengine hawakusikia. "Evans, tafadhali. Lolote tu. Baba atanitoa shule."

Hapo nilielewa kwamba Egesarate ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Naye alikuwa ametumwa alete ng'ombe nyumbani.

Sikusema jina lolote. Jumatatu, kwenye foleni ya uji, waliimba. Waliimba kwamba Evans ana mama wawili, kwamba mmoja wao ana ndevu. Ulikuwa wimbo mzuri kwa kweli, wenye kiitikio. Niliwahi kujikuta nikiuimba puani nikipiga deki. Nilipigana na wawili, nikapigwa na watatu, mwalimu akatuchapa sote. Wiki mbili baadaye Mama alikuja kunichukua. Wazee walikuwa wanakaa Jumapili na walitaka mtoto awepo.

Walikaa uani kwa Magokoro, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Naibu wa chifu alikuja na kofia yake ya kazi. Kutoka kwao Mama alikuja mjomba wake mmoja, mzee mkavu mwenye gongo. Baba Mkubwa aliongea kwanza, akaongea vizuri, akatia na maneno ya sheria. Alimaliza hivi: "Sina ubaya na mtoto. Mtoto ana baba. Aende kwa baba yake."

Magokoro aliulizwa kama alitoa ng'ombe. Alisimama na kuwataja mmoja mmoja kwa rangi, yule mweupe mwenye doa shingoni, yule mwekundu aliyevunjika pembe, na kila alipotaja, yule mjomba wa Mama aligonga gongo lake chini na kusema, "Nilimpokea." Alipofika kwa ndama wa mwisho mzee akaongeza, "Huyo alikuwa mkorofi," na watu wakacheka.

"Sawa," Baba Mkubwa akasema. "Ng'ombe walitoka. Sasa huyu mama atuambie, mtoto huyu alimpata na nani?"

Mama alisimama. "Niliolewa na nyumba hii," akasema. "Mtoto ni wa nyumba hii." Akaketi.

"Amekataa kujibu! Mmeona?" Baba Mkubwa akageuka. "Basi mtoto mwenyewe alisema. Alimwambia mwanangu shuleni. Nyakundi, simama. Waeleze wazee huyu Evans alikuambia baba yake ni nani."

Nyakundi alisimama karibu na mlango wa jiko. Alikuwa amevaa sare ya shule, suruali ndefu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Baba yake alikuwa akimwangalia kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka shairi. Kila mtu alijua angeweza kutaja mwanamume yeyote wa Gesima, na mambo yangeanza upya. Mikono ya Mama ilikuwa imelala mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani niliiona haifanyi kitu.

"Alisema ni Ombati," Nyakundi akasema.

"Na baadaye? Baadaye alisema nini?"

"Alisema Ombati. Tulimwuliza sana, Baba. Tulimwuliza vibaya. Alisema Ombati tu."

Mzee mmoja akasema polepole, "Basi mtoto ameshajibu," na naibu wa chifu akavua kofia yake kufuta jasho, na nikajua imekwisha. Baba Mkubwa hakumpiga mwanawe mbele yetu. Alimshika bega kwa nguvu, wakapita kwenye ua wa michongoma. Muhula uliofuata Nyakundi alihamishwa shule. Mimi nilirudi, nikamaliza la sita, nikakaa darasa la saba mpaka katikati, lakini kiti hakikunishika tena. Kila mwalimu alipouliza swali nilikuwa najiuliza anayetaka jibu ni nani. Siku moja nilipanda lori la ndizi pale Birongo. Nimekuwa nikirudi nyumbani na kuondoka tangu hapo.

Kile kipande katikati ya migomba sasa kina nyumba yangu ya mabati, ingawa hukaa imefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Magokoro alizikwa akijua funguo ziko kwa nani. Mama bado anachuma chai, polepole. Mimi nimewauliza watu wa kila aina maswali ya kila aina, na swali lile moja sijaliuliza. Zamani kutouliza kulikuwa ngao. Siku hizi hakuna anayetaka shamba letu, na ngao haina kazi, lakini nimekuwa mwana wa Ombati kwa muda mrefu na nimemzoea.

Mwaka jana, nikiwa Eldoret kwenye kazi ya rangi, Mama alinipigia simu mchana. Si kawaida yake. Aliuliza kama nimekula. Akauliza kama ngazi ninayopanda ni imara. Kisha akasema, "Yule mtu tumemzika."

Sikuuliza mtu gani. Niliteremka kwenye ngazi nikaketi juu ya mkebe wa rangi.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda. Nilikaa nyuma na wanawake wa kupika. Watoto wake walizungumza vizuri. Walimtaja kila mtu." Alivuta pumzi. "Nikala, nikaosha sahani, nikarudi."

"Uliosha sahani, Mama?"

"Zilikuwa nyingi."

Ningeweza kumpigia jirani yeyote wa Gesima na kuuliza ni matanga ya nani yamekuwa wiki hii, na jina lingenifikia kabla brashi haijakauka. Mama alijua hivyo. Hakukata simu. Nilimsikia akingoja, na nyuma yake kuku wetu, na mtu akipasua kuni. Nikamwuliza kama mvua imefika huko.

Akaanza kunieleza habari ya mvua: ilivyotokea upande wa Kisii, ilivyosimama kwanza juu ya Birongo kama inayosita, na ilivyokuja.